Masharti ya Kazi Yenyewe katika Makisio ya Fundi

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kuchapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Jambo nililoombwa kulieleza ni dogo kwa jina, bali ni kubwa kwa gharama. Mwanachama anapotaka kutengeneza nyumba yake, ama kuiezeka upya, ama kupiga lipu, ama kuongeza chumba, humwita fundi au mkandarasi. Huyo huja akatazama, akapima, kisha akaleta karatasi ya makisio. Swali letu ni hili: mwenye nyumba aongeze maneno gani katika karatasi ile kabla ya kutia sahihi na kutoa fedha?

Sisi ni watu wa kalamu. Karani hapokei hata rimu moja ya karatasi ghalani asiihesabu na kuiandika katika leja. Hati ya malipo isiyo na tarehe, au isiyosema fedha ni za nini, huirudisha ilikotoka bila kuona haya, hata ikiwa imeletwa na mkubwa wake. Lakini karani huyo huyo akifika kwake jioni hupokea kipande cha karatasi kilichoandikwa, "Kutengeneza paa, vifaa na ufundi," na chini yake jumla ya fedha. Naye hutoa akiba ya miaka kumi, au kiinua mgongo chake chote. Akiulizwa kwa nini hakuandikiana na fundi vizuri zaidi, hujibu kwamba fundi yule ni jirani, au ameletwa na shemeji, na kwamba kuandikiana kungeonekana kama kutomwamini.

Wazee walituachia mithali: mali bila daftari hupotea bila habari. Mithali hiyo haikusema mali ya Serikali peke yake.

KARATASI YA MAKISIO NI NINI

Neno lenyewe latuonya. Makisio hutoka katika kukisia, na mtu anayekisia hajaahidi. Fundi aliyeandika "makisio" aweza kusema baadaye, na pengine kwa haki, kwamba alitaja kadiri alivyoona siku ile, na kwamba sasa mbao zimepanda bei. Kwa hiyo neno la kwanza la kuongeza ni kueleza jumla ile ni ya namna gani. Ziko namna tatu. Ya kwanza ni bei isiyobadilika kwa kazi yote iliyotajwa. Ya pili ni bei kwa kipimo, kwa mfano shilingi kadha wa kadha kwa kila mita ya mraba ya lipu, na jumla hujulikana kazi ikiisha kupimwa. Ya tatu ni ujira wa kutwa, ambapo mwenye nyumba hununua vifaa mwenyewe na kumlipa fundi kwa siku. Kila moja yafaa mahali pake, lakini isiyotajwa haifai popote. Tena andikeni bei ile itadumu mpaka tarehe gani, ili fundi naye asifungwe na bei ya vifaa ya miezi mingi iliyopita.

Wako pia wakandarasi wenye karatasi zilizopigwa chapa, zenye masharti nyuma kwa herufi ndogo: kwamba bei yaweza kubadilika, kwamba vifaa vilivyokwisha kununuliwa havirudishwi, na mengine mfano wa hayo. Sikatai masharti hayo kuwapo. Huokoa wakati, na mengine ni ya haki. Lakini yaliandikwa kwa nyumba zote, na kwa hiyo hayaijui hata moja. Hayajui kwamba ukuta wako wa kusini hunyonya maji, wala kwamba mama yako mzee hulala katika chumba kitakachoezuliwa, wala kwamba mpangaji ameahidiwa kuingia mwezi wa saba. Maneno ya namna hii ndiyo ninayoyaita masharti ya kazi yenyewe, na hayo hapana mpiga chapa atakayekuandikia. Sharti uyaandike wewe, pamoja na fundi wako, kwa ajili ya nyumba ile na kazi ile.

SHERIA YASEMAJE

Mimi si wakili, wala hotuba hii haishiki mahali pa wakili. Lakini yafaa tujue msingi wa jambo. Wakati wa utawala wa Waingereza mapatano katika Tanganyika yaliongozwa na Sheria ya Mapatano ya Uhindi ya mwaka 1872. Mwaka 1961 Tanganyika ikapata sheria yake yenyewe ya mikataba, nayo ilifuata ile ya Uhindi kwa sehemu kubwa. Sheria hiyo haikatai mapatano ya mdomo. Watu wawili wakikubaliana kwa hiari juu ya jambo la halali, wamekwisha kupatana, ijapokuwa hapana karatasi. Taabu ya mapatano ya mdomo ni kuyathibitisha siku ya ugomvi.

Mambo matatu ya sheria ile ya mwaka 1872 yatuhusu sana. La kwanza, mapatano ambayo maana yake haijulikani, wala haiwezi kufanywa ijulikane, ni batili. Kifungu cha 29 kilitoa mfano wa mtu aliyekubali kumwuzia mwenzake tani mia za mafuta, pasipo neno lolote la kuonyesha ni mafuta ya namna gani. Tazameni sasa makisio yanayosema "mabati ya kutosha" au "rangi nzuri," mwone yalivyo ndugu wa mafuta yale.

La pili, kifungu cha 73 chasema kwamba mwenye kuvunja mapatano hulipa hasara inayotokea kwa kawaida ya mambo, au hasara ambayo pande zote mbili zilijua tangu siku ya kupatana kwamba yaweza kutokea. Hasara ya mbali hailipwi. Basi ikiwa mpangaji wako amekukimbia kwa sababu fundi amechelewa, fundi aweza kusema kwamba hakuambiwa habari za mpangaji. Mstari mmoja katika makisio wamaliza jambo hilo: "Fundi ameelezwa kwamba nyumba imepangishwa kuanzia tarehe 1 Julai."

La tatu, kifungu cha 74 chahusu fedha zinazotajwa kuwa malipo ya kuvunja mapatano. Mahakama haitoi kiasi chote kwa sababu tu kimetajwa. Hutoa fidia ya haki, isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeandika kwamba fundi akichelewa siku moja atalipa nusu ya bei amejifurahisha bure. Aandike kiasi kinachofanana na hasara yake ya kweli, kama kodi ya chumba anachokaa wakati nyumba yake inatengenezwa.

Tena iko Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967. Mapatano yakiisha kutiwa katika hati, mahakama kwa kawaida haipokei maneno ya mdomo yanayoipinga hati ile. Ahadi tamu aliyoitoa fundi mlangoni, kama inapingana na karatasi uliyoitia sahihi, imekwenda na upepo. Ikiwa ahadi ile ni kweli, basi itiwe katika karatasi. Na ikiwa fundi hataki itiwe, umejua mapema.

MANENO YANAYOFAA KUONGEZWA

Kwanza, kipimo. Tuseme chumba chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, na kuta zake zimekwenda juu mita 3. Mzunguko wake ni mita 14, na kuta zote ni mita za mraba 42. Toa mlango mmoja wa mita 0.9 kwa 2.1, na dirisha moja la mita 1.5 kwa 1.2, yabaki kadiri ya mita za mraba 38. Lipu ya unene wa milimita 12 juu ya kuta hizo yahitaji karibu mita za ujazo 0.46 za mchanganyiko. Lipu ya milimita 20 yahitaji karibu 0.77. Huo ni mchanganyiko mwingi zaidi kwa theluthi mbili, kwa chumba kile kile. Mafundi wawili wakikuletea bei mbili, mmoja akikusudia milimita 12 na wa pili milimita 20, wewe utamwita wa pili mwizi, na kumbe hakuna mwizi. Wameulizwa swali moja wakajibu maswali mawili. Basi andikeni eneo, unene, na kama lipu ni ya ndani tu au ya nje pia. Tena kama kingo za madirisha zimo au hazimo.

Pili, kifaa. Kila kifaa kitajwe kwa aina, kipimo na idadi. Katika mabati ya geji iko hila inayowapoteza wengi: namba ikizidi, bati huwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Mtu asiyejua huona namba kubwa akafurahi. Mbao zitajwe ukubwa, na kama zimetiwa dawa ya mchwa. Matofali ya saruji yatajwe inchi zake, na fundi aeleze mfuko mmoja wa kilo 50 utatoa matofali mangapi, maana nguvu ya tofali ni saruji iliyomo. Kisha andikeni nani atanunua vifaa, stakabadhi zitatolewa kwa jina la nani, na masalio yatakuwa ya nani. Ugomvi juu ya mifuko mitatu ya saruji iliyobaki umevunja ujirani wa miaka mingi, hali neno moja lingetosha kuuzuia.

Tatu, yaliyofichika. Hapa ndipo kazi ya kutengeneza nyumba kuukuu inapoachana na kazi ya kujenga mpya. Fundi akiwa chini hawezi kuona hali ya kenchi zilizo juu ya dari. Hajui mchwa wamekula kiasi gani mpaka amefungua. Akilazimishwa kutaja bei moja kwa mambo asiyoyaona, ataongeza fedha za woga wake, nawe utalipia uozo ambao pengine haumo. Au atataja bei ndogo apate kazi, kisha arudi katikati na mikono mitupu. Dawa yake ni kutaja bei ya kimoja kimoja: "Kila mbao ya kenchi itakayoonekana imeoza itabadilishwa kwa shilingi kadha, vifaa na ufundi pamoja. Zikizidi mbao 6, kazi itasimama hata mwenye nyumba aje aone." Kwa sharti hili wote wawili wamelindwa na kitu ambacho hapana hata mmoja anayekijua.

Nne, namna ya kufanya kazi katika nyumba ile. Pwani ya Tanzania masika huanza kwa kawaida mwezi Machi hata Mei. Ikiwa kazi ya paa yaweza kuangukia miezi hiyo, andikeni kwamba haitaezuliwa sehemu kubwa kuliko inayoweza kufunikwa siku ile ile, na kwamba turubai litaletwa na fulani. Ikiwa nyumba inakaliwa, andikeni vyumba vitafunguliwa kwa zamu gani, kazi itaanza saa ngapi, mafundi watatumia maji ya nani, na kifusi kitapelekwa wapi. Ikiwa kuna zege, andikeni litamwagiliwa maji kwa siku zisizopungua 7, na ni kazi ya nani kulimwagilia. Mara nyingi fundi hudhani ni kazi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hudhani ni ya fundi, na zege hufa kwa kiu kati yao.

Ziko nyumba mbili zinazohitaji uangalifu wa peke yake. Moja ni nyumba kuukuu iliyoezekwa kwa asbestosi. Vumbi la asbestosi likivutwa kwa pumzi laweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Paa la namna hiyo halishushwi kwa nyundo. Kabla ya yote ulizeni ofisi inayosimamia mambo ya mazingira, kisha makisio yaseme nani mwenye idhini atakayelishusha, kwamba litalowanishwa na kushushwa zima bila kukatwa wala kuvunjwa, na litapelekwa mahali gani panaporuhusiwa.

Nyumba ya pili ni ile ya zamani ya pwani, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyingi zilizomo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, iliyo ngumu na isiyopitisha unyevu vizuri, maji na chumvi hufungwa ndani, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na uso wa ukuta. Hapo neno "kupiga lipu" peke yake ni hatari. Makisio yaseme "lipu ya chokaa," na katika Mji Mkongwe yaseme pia nani atakwenda kuomba kibali cha mamlaka ya hifadhi kabla ya kazi kuanza. Sharti lililofaa nyumba ya matofali ya saruji laweza kuiua nyumba ya mawe, na hiyo ndiyo sababu nasema masharti yafuate kazi yenyewe.

Tano, malipo. Yasifuate tarehe, bali yafuate hatua inayoonekana kwa macho. Tuseme kazi ya paa ni shilingi 3,000,000, bei isiyobadilika. Yaweza kuandikwa hivi: shilingi 900,000 vifaa vikifika nyumbani na kuhesabiwa, 900,000 paa la zamani likiisha kushushwa na kenchi kutengenezwa, 900,000 mabati yakiisha kupigiliwa pamoja na kofia, na 300,000 za mwisho zizuiliwe mpaka paa limejaribiwa na mvua, au zimepita siku 60, lolote litakalotangulia. Angalieni maneno hayo ya mwisho. Bila hayo, mwenye nyumba aliyeezeka mwezi Juni angeweza kukaa na fedha za mwenziwe hata vuli, akingoja wingu.

Sita, siku. Tajeni siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na mambo ambayo yakitokea siku zitaongezwa, kama vile mvua inayozuia kazi, au mwenye nyumba kuchelewesha fedha za hatua. Mwenye nyumba asiyelipa hatua ya pili kwa wiki mbili hana uso wa kudai fidia ya kuchelewa wiki mbili.

Saba, kazi ya ziada. Sharti liwe fupi: hapana kazi ya ziada bila kuandikwa bei yake na siku zake, na kukubaliwa na wote wawili kabla ya kuanzwa. Siku hizi ujumbe wa simu hutosha mara nyingi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haikatai maandishi kwa sababu tu yametumwa kwa njia ya umeme. Lakini ujumbe utaje kazi na bei. Ujumbe unaosema "sawa fundi, endelea" haujasema kitu.

Nane, kasoro. Andikeni kwamba kasoro itakayoonekana katika muda uliotajwa, ikiwa imetokana na ufundi, fundi ataitengeneza bila malipo; na ikiwa imetokana na kifaa alichonunua mwenye nyumba mwenyewe, fundi atalipwa ufundi wake. Kabla ya kazi kuanza, pigeni picha za nyumba ilivyo, fundi azione, ili ufa wa zamani usihesabiwe kuwa wa jana.

FUNDI NAYE ANA HAKI

Mabwana na Mabibi, nisingependa mtu atoke hapa akidhani nimekuja kuwafundisha kuwanasa mafundi. Nimewahi kuona mwenye nyumba, mtu wa heshima na mshahara, akimwambia fundi aliyeitwa kutengeneza dirisha moja, "Kwa kuwa upo, nitazamie na mlango wa uani kidogo, na lile karo nalo kidogo." Kidogo mara nne ikawa siku tatu, na siku ya malipo akahesabiwa dirisha moja. Fundi hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Alichukua alichopewa akaenda zake, na vibarua wake wawili walimngoja barabarani wakitaka ujira wao.

Masharti ya kazi yenyewe yamlinda mtu huyo kuliko yanavyotulinda sisi. Yanamwambia mahali kazi yake inapokoma. Yanampa siku ya kudai fedha bila kubembeleza. Yanazuia asilaumiwe kwa kenchi zilizooza kabla hajazaliwa. Fundi mwaminifu akiisha kuelewa hivyo hatayakataa. Tena mara nyingi ataongeza sharti moja ambalo wewe hukulifikiri, maana yeye ndiye ajuaye mahali kazi inapoharibika. Kwa hiyo msimpelekee hati iliyokwisha andikwa mkimwambia tia sahihi. Kaeni pamoja naye, chini ya paa lile lile linalotengenezwa, mpite chumba kwa chumba, mkiandika mnapokwenda. Kama hasomi vizuri, asomewe mbele ya mtu anayemwamini yeye, si mbele ya mtoto wenu.

NAMNA YA KUANDIKA

Si lazima lugha ya mahakama. Maneno mafupi, kila sharti na namba yake, ndiyo mazuri. Huu ni mfano wa ukurasa mmoja:

"1. Kazi hii ni kuezeka upya vyumba viwili vya nyuma na baraza. Vyumba vya mbele havimo.

2. Bei ni shilingi 3,000,000, nayo haitabadilika ila kwa sharti la 4 na la 6.

3. Mabati ni geji 28, idadi 44, yatanunuliwa na fundi. Masalio ni ya mwenye nyumba.

4. Mbao ya kenchi iliyooza itabadilishwa kwa bei ya moja moja iliyoandikwa chini. Zikizidi 6, kazi isimame mpaka wote wawili wakubaliane.

5. Haitaezuliwa sehemu isiyoweza kufunikwa siku hiyo. Turubai ni la fundi.

6. Kazi ya ziada haitalipwa kama bei yake haikuandikwa na kukubaliwa kwanza.

7. Fedha zitalipwa kwa hatua nne zilizoandikwa chini.

8. Maneno haya ya mkono yakipingana na yaliyopigwa chapa katika makisio, ya mkono ndiyo yatakayofuatwa."

Sharti hilo la nane lisisahauliwe. Mwenye kuandika maneno yake juu ya karatasi na kuacha nyuma yake sharti lililochapwa linalosema kinyume, amejitengenezea kesi. Iliyo bora zaidi ni kulikata sharti lile kwa mstari, na wote wawili kutia herufi za majina yao pembeni. Nakala ziwe mbili, maneno yawe yale yale, na kila ukurasa utiwe sahihi. Akiwa ni mkandarasi, ulizeni namba yake katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Akiwa ni fundi mdogo wa mtaani, andikeni jina lake kamili, mahali anapokaa, na shahidi mmoja kwa kila upande.

MWISHO

Najua jibu litakalotolewa nje ya mlango huu. Mtu atasema, "Fundi wangu akiona karatasi yote hiyo atakimbia." Aweza kukimbia kweli. Lakini mkumbuke kwamba fundi anayekimbia kabla ya kuanza hajachukua kitu. Anayekimbia katikati huacha nyumba wazi, na masika hayangoji. Mwingine atasema kwamba kazi yake ni ndogo. Kazi ndogo nayo ina masharti madogo: kubadilisha kitasa kwahitaji mistari miwili, na mistari miwili haimalizi wino.

Wengi wetu tutajenga au kutengeneza nyumba mara moja au mbili katika maisha yetu, na fedha tutakazotumia hazina za pili nyuma yake. Mwanachama akistaafu, mshahara haurudi. Paa linalovuja hubaki juu yake usiku na mchana. Ofisini tulifundishwa kuitunza mali ya umma kwa kalamu, na wengi wetu tumefanya hivyo kwa uaminifu. Basi tusiwanyime watoto wetu utunzaji ule ule. Makisio yatakayofika mkononi mwako juma lijalo, usiyatie sahihi siku ile. Yalaze usiku mmoja. Asubuhi zunguka nyumba yako ukiwa na kalamu, uandike kila jambo ambalo nyumba yako inalo na nyumba ya jirani haina. Ukiisha kuyaandika, mwite fundi wako, myasome pamoja.